Siku diski ya pili ilipoanza kufa: Sitti Rajab na namba za wagonjwa wa Kyebando

Saa mbili kasorobo asubuhi, Alhamisi. Sitti Rajab amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, katika chumba kisicho na dirisha kwenye ghorofa ya chini ya Kituo cha Figo cha Lusozi, Kyebando, Kampala. Anachomoa diski iliyokufa, anailaza sakafuni juu ya gazeti, kisha anasukuma mpya mahali pake mpaka inakaa.

Taa ndogo ya kijani inaanza kuwaka na kuzima. Kwenye laptopu yake inatokea namba: asilimia sifuri.

"Sasa tunaomba Mungu," anasema bila kugeuka. "Ni kama muda wa saa tisa mpaka ifike mia. Katika hizo saa tisa, nikikujibu vibaya unisamehe."

Sitti ana miaka thelathini na nane. Ndiye msimamizi pekee wa kompyuta katika kituo hiki cha binafsi, kinachotibu wagonjwa sitini na watatu ambao figo zao zimeshindwa kazi. Mara mbili au tatu kwa wiki, kila mmoja wao huja kuketi kwenye kiti kirefu na kuunganishwa na mashine inayosafisha damu.

Kila mgonjwa ana namba zake: uzito anaotakiwa kuondoka nao, kiasi cha maji ya kutolewa mwilini, kipimo cha dawa ya kuzuia damu isigande. Namba zote hizo zimo ndani ya seva moja, ambayo Sitti ameipa jina Wagonjwa.

"Ukimtoa mtu maji mengi kupita kiasi, presha inaanguka akiwa pale pale kitini. Ukimzidishia dawa, anavuja damu," anaeleza. "Watu wananiita mtu wa kompyuta. Sawa. Lakini mimi kazi yangu ni kulinda namba za watu."

Seva ya Wagonjwa ina diski nne zinazobebana. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinashika mzigo. Ikiwekwa mpya, hizo tatu huijaza upya kidogo kidogo, na kazi hiyo huzichosha. Ikifa ya pili kabla ya kazi kwisha, kila kitu kimepotea.

Kwa kawaida jambo hilo halimnyimi usingizi msimamizi makini, kwa sababu ana nakala ya akiba mahali pengine. Sitti hana. Aligundua hivyo Jumanne, siku mbili kabla ya asubuhi hii.

Diski ya kwanza ilipokufa Jumanne, alikwenda moja kwa moja kutazama nakala ya akiba. Ya mwisho ilikuwa ya siku arobaini na moja nyuma. Siku hiyo ya arobaini na moja nyuma, yeye mwenyewe alibadilisha nywila za mfumo kwa ajili ya usalama, akasahau kuiweka nywila mpya katika programu inayotengeneza nakala. Kila usiku programu ilijaribu, ikakataliwa, ikatuma barua pepe ya kulalamika. Barua hizo zilikuwa zikienda kwa Oyet, mwenzake aliyeacha kazi mwaka jana na ambaye nafasi yake haijajazwa.

"Barua arobaini na moja," anasema. "Mashine ilipiga kelele kila siku, na masikio yalikuwa yameshaondoka. Nilikaa chini sakafuni."

Anakiri kwamba alifikiria kunyamaza. Diski mpya ingewekwa, kazi ingekwisha salama, na hakuna ambaye angejua. Alifika mlangoni kwa mkurugenzi, Dkt. Obura, akarudi. Akafika tena, akaingia, akasema yote.

Dkt. Obura alimuuliza mara moja tu kama ana hakika. Sitti akaanza kutengeneza nakala mpya saa hiyo hiyo, lakini seva iliyokuwa ikichechemea kwa diski tatu ikawa nzito kiasi kwamba wauguzi hawakuweza kufungua faili la mgonjwa. Watu walikuwa wamekwisha kuunganishwa na mashine. Sitti akaomba azime mfumo kwa muda ili anakili, hata kama ni usiku; mkurugenzi akakataa kwa sababu wagonjwa wa dharura huja saa yoyote, akaamuru asimamishe, wangoje diski mpya iliyokuwa njiani kutoka Nairobi.

Sitti akakubali. Alhamisi asubuhi aliomba tena azime mfumo kwa muda ili anakili kwanza. Akaambiwa Alhamisi ndiyo siku yenye wagonjwa wengi, aweke diski tu. Akakubali tena.

Kitu kimoja hakukiacha. Jumanne hiyo hiyo alimwendea Hortense, muuguzi mkuu, Mkongo kutoka Bukavu, akamwomba wauguzi waanze kunakili namba za kila mgonjwa kwa mkono. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wawili hao, kila mmoja kwa ladha ya kwao. Hortense hakuuliza sababu. Alitoa daftari kubwa akaanza na wale wa Alhamisi.

Saa tatu na nusu namba kwenye laptopu imefika kumi na tisa. Ili asiitazame, Sitti anazungumza.

Alizaliwa Bombo, katika familia ya Kinubi. Baba yake, mzee Rajab, aliendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, na kila aliporudi nyumbani binti yake alishika tochi akimtazama akifungua injini. Baada ya chuo, Sitti alipata kazi katika duka la intaneti huko Kisugu, akirekebisha kompyuta zilizomwagiwa soda. Kituoni hapa ana miaka tisa.

Ana maoni makali juu ya wenzake wa fani hii. Jumamosi moja kila mwezi wasimamizi wa mifumo wa Kampala hukutana, wengi wao wanaume, fulana nyeusi, laptopu zimejaa vibandiko. Mara ya kwanza alipokwenda, aliombwa aonyeshe chai iko wapi. Aliwaonyesha, kisha akakaa mstari wa mbele.

"Wanajua mambo, siwezi kusema uongo. Nimejifunza mengi kwao," anasema. "Lakini wanapenda mashine kuliko watu wanaoitumia. Mmoja alisimama akajisifu kwamba seva yake haijazimwa siku mia saba. Watu wakapiga makofi. Mimi niliogopa. Seva ambayo haijazimwa miaka miwili, nani anajua kama itawaka?"

Hata majina yanamkera. Oyet alikuwa amezipa seva majina ya sayari. Siku moja muuguzi alipiga simu akilia kwamba mashine yenye jina la ile sayari ya mbali imekufa, na hakuna aliyeelewa ni ipi. Tangu hapo Sitti akazibatiza kwa kazi zao: Wagonjwa, Maabara, Barua.

Kuhusu programu, anapenda zile huria ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma. Anasema si kwa sababu ya itikadi. Mwaka juzi kampuni iliyowauzia programu ya maabara ilifunga ofisi, na kwa wiki tatu hakuna aliyeweza kutoa majibu ya vipimo kwa sababu kufuli lilikuwa la mtu asiyekuwepo. Kuhifadhi kila kitu nje kwa njia ya mtandao hakupingi, ila mwaka jana wachimba barabara walikata waya wa kituo mara tatu.

"Nataka nakala mbili," anasema. "Moja hapa, moja mbali. Na mtu wa pili anayejua zilipo." Kisha anatazama namba. Ishirini na nane.

Saa tano na dakika kumi laptopu inatoa mlio mfupi. Namba imesimama kwenye thelathini na saba. Chini yake umetokea mstari mwekundu, na baada yake mwingine, na mwingine. Diski ya pili, moja ya zile tatu za zamani, imeanza kushindwa kusoma baadhi ya sehemu zake.

Sitti anaweka kiganja juu ya kabati la chuma kwa sekunde chache, kisha anapanda ngazi mbili mbili.

Juu, viti vyote kumi na viwili vimejaa. Dkt. Obura anapima presha ya mgonjwa. Sitti anamweleza kwa sauti ya chini: diski ya pili inakufa, anataka kuzima mfumo mara moja na kuokoa kumbukumbu za wagonjwa kabla ya kitu kingine chochote. Mkurugenzi anamwuliza kama haiwezi kungoja mpaka saa tisa, zamu ya mchana ikimalizika.

"Daktari, Jumanne nilikubali. Asubuhi nilikubali," Sitti anajibu. "Sasa sikubali. Nazima. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikimaliza."

Dkt. Obura anatazama viti. Halafu anamgeukia Hortense na kumwuliza kama daftari linatosha.

"Hawa kumi na mbili niko nao wote," anasema Hortense. "Wa mchana niko na tisa. Batatu bamebaki."

"Zima," anasema mkurugenzi.

Sitti anasimamisha kazi ya kuijaza diski mpya, anazima kila huduma inayoigusa seva, na kuanza kunakili kumbukumbu za wagonjwa peke yake kwenye diski mbili za nje. Picha za uchunguzi na barua za rufaa zitafuata kama diski itaruhusu. Makadirio yanasema dakika arobaini.

Kwenye asilimia themanini na nane, kunakili kunasimama.

Dakika ya kwanza Sitti anangoja. Dakika ya pili anajifunga mikono kifuani na kuficha vidole kwapani. Anaeleza, kama anayejisemea, kwamba diski inajaribu kusoma sehemu moja tena na tena, na kwamba akiikatiza inaweza isiamke. Dakika ya nne midomo yake inatembea bila sauti. Kutoka juu zinasikika mashine za kusafisha damu zikilia mara moja moja, na kila moja ikilia anashtuka.

Dakika ya sita namba inageuka kuwa themanini na tisa.

Saa sita na dakika ishirini kazi imekwisha, lakini Sitti hafurahi bado. Anasema nakala ambayo haijafunguliwa haina tofauti na ndoto. Anaifungua kwenye laptopu na kumwita Hortense ashuke na daftari lake.

Wanaanza na Nelima, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wakati huo yuko kwenye kiti cha tatu juu. Sitti anasoma kutoka kwenye skrini: uzito wa kuondoka nao, kilo hamsini na nne na nusu.

"Hamsini na ine na nusu," anasoma Hortense.

Wanapitia wagonjwa kumi. Kila namba inalingana. Wanapofika wa kumi, Sitti anavuta ncha ya mtandio wake, anajifunika uso na kukaa hivyo kwa muda. Hortense anamwekea mkono begani, kisha anapanda juu na namba za wale watatu waliokuwa wamebaki.

Mwalimu Nelima, aliyezungumza na gazeti hili baada ya kutolewa kwenye mashine, anasema hakuambiwa lolote isipokuwa kwamba leo wanatumia daftari. "Niliona uso wa Hortense nikajua kuna jambo," anasema. "Nikamwomba anisomee namba zangu kwa sauti. Naziweka kichwani, kwa sababu siku namba hizo zikipotea, mimi ndiye nitakayelipa kwa mwili."

Saa nane mchana diski ya pili ilikufa kabisa. Sitti alikuwa ameanza kuokoa picha za uchunguzi, akapata chache. Picha zaidi ya elfu mbili za miaka minne zilipotea, pamoja na barua za rufaa. Wagonjwa wasiopungua kumi na wanne watalazimika kurudia vipimo.

"Hiyo ni yangu," anasema. "Siwezi kumtupia Oyet wala daktari. Nywila niliibadilisha mimi."

Taarifa ya tukio aliiandika mwenyewe, kurasa nne, na kosa lake liko katika sentensi ya kwanza. Bodi ilikutana wiki iliyofuata. Alingoja kwenye benchi la nje kwa muda wa saa moja na robo, anasema, na hakumbuki nani alipita. Alipewa onyo la maandishi. Dkt. Obura aliieleza bodi kwamba Sitti aliomba kuzima mfumo mara mbili na akakataliwa, na akataka hilo nalo liandikwe.

Wiki tatu baadaye, kituo kinaendeshwa kwa seva ya kuazima. Mpya imeagizwa. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Sitti anafungua nakala ya jana na kusoma majina matatu kwa sauti. Bado anaota mlio wa laptopu. Mumewe alinunua jiko la umeme linalotoa mlio wa namna ile ile, wakalirudisha dukani.

Bodi imekubali ombi lake moja: kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mfumo utazimwa kwa makusudi kwa saa moja, wauguzi wafanye kazi kwa daftari, naye arudishe kila kitu kutoka kwenye nakala. Zoezi la kwanza lilikwenda vibaya. Daftari moja halikuonekana kwa dakika kumi na nane. Sitti anasema afadhali litafutwe siku ya zoezi.

Ombi la pili, la kuajiri msaidizi, limepitishwa, na tangazo limebandikwa. Waombaji saba wameshakuja. Sitti amemwuliza kila mmoja swali moja: ni lini mara ya mwisho ulikosea, na ulimwambia nani? Watano walisema hawajawahi kukosea. Waliobaki ni wawili, mwanamke na mwanamume, na uamuzi utatoka mwisho wa mwezi.

Akimpata, anataka kwenda Bombo kwa baba yake siku ya Idi. Kwa miaka tisa amekula pilau ya Idi simu ikiwa kando ya sahani.

"Nataka niizime asubuhi, niiwashe kesho yake," anasema. "Na nikiiwasha, nikute hakuna aliyenitafuta."