Mpagazi Aliyeita Kijiko

Watazamaji walimwita Dada Mlango. Alikuwa akikata tiketi katika ukumbi ule wa sinema tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na kazi yake ya pili ilikuwa ya maoni. Watu wakitoka aliwauliza, "Umeionaje?" na maneno yaliyonoga zaidi akayaandika kwa chaki kwenye ubao uliosimama kando ya barabara, ili wapita njia wavutike. Meneja hakuficha kwamba ubao ule ulimletea wateja kuliko mdomo wake.

Filamu zenyewe hakuzitazama. Alizijua kwa kusimuliwa, na ilipoletwa ile ya zamani ya msafara wa msituni, alifurahi kwamba kiti chake kilikuwa nje ya pazia la mlango. Miaka mingi nyuma kaka yake mkubwa alikwenda kuwabebea mizigo watu wa sinema, huko huko msituni. Aliaga asubuhi, akasema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Mama yao bado alilitundika shati la kaka ukutani, limepigwa pasi, na akiulizwa alijibu, "Mwanangu yuko kazini," kama anayemzungumzia mtu aliyetoka mara moja kwenda dukani.

Onyesho la kwanza lilipokwisha, maoni yalimiminika.

"Msitu ule! Nimekaa kitini lakini nahisi siafu wananipanda."

"Chatu yule ni mpira wa kumwagilia maji, msinidanganye."

"Kiongozi wa msafara sura anayo, akili hana. Ramani kaishika juu chini, asipotee kwa nini?"

Kisha akatoka kinyozi wa jirani, anafuta machozi ya kicheko. "Dada Mlango, andika hili. Kuna mpagazi anachukuliwa na mto. Mtu anakufa, haiti mama, haiti Mungu. Unajua anaita nini?"

"Anaita nini?"

"Kijiko! 'Kijiko! Kijiko wee!' Sasa jamani, maji yote yale alitaka kuyakoroga?"

Watu wakaangua kicheko. Chaki ikakatika vidoleni mwa Dada Mlango; kinyozi akaokota kipande, akayaandika ubaoni mwenyewe.

Kijiko lilikuwa jina lake. Alipokuwa mdogo hakukubali kulishwa; alishika kijiko chake mwenyewe na kulala nacho. Kaka yake ndiye aliyembandika jina hilo, na tangu aondoke hakuna aliyelitamka tena.

Kesho yake alimwomba meneja amshikie mlango, akaingia. Filamu ilikuwa ya lugha ya kigeni, maneno yake yamefasiriwa chini ya picha. Mto ulipotokea alisimama ukutani. Uso wa mpagazi haukuonekana vizuri, ila alibeba mzigo kichwani huku mkono wa kulia kaunyoosha pembeni kama anayepapasa ukuta gizani. Ni kaka yake tu aliyetembea hivyo. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umechanika begani, unapepea. Maji yakampiga magotini, yakamgeuza.

"Kijiko! Kijiko wee!"

Chini ya picha hapakuandikwa kitu. Wenye filamu yao walidhani ni ukelele tu. Lakini ukumbini walielewa, na nusu yao walikuwa wamerudi kwa ajili ya hapo, wakaitikia kwa pamoja, wanapiga miguu sakafuni, "Kijiko wee!" Kwenye picha kiongozi wa msafara alikuwa akililia hema lake lililozama. Dada Mlango akatoka kabla ya mwisho.

Alikuwa bado hajatulia kitini pake, mwalimu mmoja alipotoka, mtu wa kukosoa kila kitu. "Nzuri, ila ina kosa. Yule aliyezama, mwishoni yupo nyuma ya wenzake, kaketi kando ya moto anakula. Maiti anakula! Wametuona vipofu?"

"Una hakika, mwalimu?"

"Dada yangu, macho haya yanasahihisha insha. Kosa haliyapiti."

Alirudi nyumbani anatembea juu juu, neno liko kwenye ncha ya ulimi: katoka mtoni, mama, yuko hai. Watoto walikuwa wakikimbizana uchochoroni, wanaitana "Kijiko wee!" Mama yake alikuwa amesimama dirishani, kiganja sikioni.

"Nani kawafundisha jina lile? Kaka yako kapita hapa?"

"Ni filamu tu, mama."

"Anakuita, nawe umenyamaza? Nilikulea hivyo?"

Akalimeza neno lake. Alitaka kwanza aone kwa macho yake.

Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, fundi wa mashine alimwekea kipande cha mwisho. Kweli, alikuwepo. Kaka yake kaketi kando ya moto, sahani magotini, anamcheka mtu asiyeonekana.

"Alitoka!" Dada Mlango alipiga makofi. "Umemwona? Alitoka majini!"

Fundi alijikuna shingo. "Sikiliza, dada. Picha hazipigwi kwa mfuatano huu unaouona. Mwisho wanaweza kuupiga kwanza, mto wakauacha hadi siku ya kufunga kazi."

Dada Mlango akalisogelea pazia. Halafu akasema, "Rudisha. Nionyeshe shati."

Fundi akarudisha. Begani shati lilikuwa zima.

"Labda alilishona baadaye," fundi akasema taratibu.

"Kaka yangu? Akishona kifungo anajishona na kidole."

Alicheka mwenyewe. Mashine ikaendelea kukereza. Kwenye pazia kaka yake alikula, akacheka, akala.

Nyumbani, mama alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. "Limechanika mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Begani?"

"Begani, mama."

Mama akatazama vidole vyake. "Pale nilishona mimi. Uzi ulikuwa mbovu, nikasema utafaa." Akafunga kilemba. "Nipeleke."

Waliketi mstari wa nyuma, onyesho la alasiri. Ukumbi ulijaa, kinyozi mbele kabisa na marafiki zake. Chatu akapita, wakazomea. Mto ukatokea, wakaanza kugusana viwiko. Mama akamshika binti yake mkono, akaubana kama anayevuka barabara.

"Kijiko! Kijiko wee!"

Kabla hawajaanza kupiga miguu, mtu alisimama nyuma.

"Abee, kaka! Abee! Nipo!"

Vichwa viligeuka, kicheko kikafia midomoni. Maji yalisikika peke yake, yakaupita ukumbi mzima. Kiongozi wa msafara akaanza kulilia hema lake, na hakuna aliyemsikiliza.

Taa zilipowaka, Dada Mlango alikwenda mlangoni kwake kama kawaida. Hakuuliza kitu. Watu walipita wameinamisha macho. Kinyozi alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Yale maneno yangu ubaoni," akasema, "nikuombe kitambaa niyafute?"

"Yafute."

Mama alikuwa ameketi bado mstari wa nyuma, anatazama pazia jeupe. Binti yake alipomfikia, mama akamwambia kwa sauti ndogo, "Subiri kidogo. Labda hajamaliza kuita."