Mkia wa Alto

Mama yangu alikataa kupasuliwa kwa sababu ya wimbo. Sifanyi mzaha. Rovu lilikuwa limemvimba shingoni mpaka kola ya gauni haifungiki, daktari ameshasema litolewe, tena ametuonya kwamba huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa. Mama, kibeti kikiwa mapajani, akamjibu bila haraka, "Sauti ni yangu, daktari. Nikishasikia imebaki na watu, nitakuja."

Nilitaka kulia na nilitaka kumfinya. Tukarudi nyumbani Voi, yeye ametulia kabisa, mimi roho juu.

Wimbo wenyewe ni wa jembe. Kule Bura, kwetu, wanawake hulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na mashamba yenyewe ni ya ngazi, moja juu ya nyingine mlimani. Walio ngazi ya juu ndio huanza kuimba. Walio chini huitikia kwa sauti nzito, lakini wakimaliza kulima ngazi yao hupandisha sauti ghafla, wakaipita ya wenzao, ili walio juu wajue kwamba huku chini kazi imekwisha. Hapo wa juu hushusha sauti, wakawapisha. Baadaye wimbo ukatiwa maneno ya kutoa sadaka, ukaingia kanisani, waliokuwa ngazi ya juu wakawa soprano, wa ngazi ya chini wakawa alto. Mama ameimba alto hiyo tangu usichana wake.

Alipohamia kwangu kwa ajili ya matibabu, kwaya ya kanisa letu hapa mjini ilikubali kujifunza wimbo huo. Shida ni kwamba mwalimu wa kwaya ni mtu wa bara, muungwana sana lakini kichwa kigumu, na kwake kisichoandikwa kwa noti hakipo. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na steji ya matatu, na noti nilifundishwa shuleni. Nikasema basi, nitauandika mimi.

Nikaweka kwenye kompyuta programu ya bure ya kuandika muziki. Mama akakaa kwenye kiti cha wateja akiimba, kwanza sauti ya juu, kisha yake, nami nikitafuta noti moja moja huku watu wa kopi za vitambulisho wakinikodolea macho. Tulipomaliza nikabonyeza, kompyuta ikaucheza wote kwa sauti ya piano. Mama akatikisa kichwa kwa furaha. "Ndiyo hiyo hiyo!" Nikatoa makaratasi, nikajiona bingwa.

Jioni ya mazoezi kwaya ikaimba. Walipofika pale pa kupanda, soprano wakaruka juu na alto wakabaki chini walikozoea. Mama akainuka kwenye benchi la nyuma, akajitanda leso, akatoka nje. Nikamfuata, na mwalimu akanifuata mimi.

"Wamenipokonya," akasema.

"Lakini shosho," mwalimu akamwambia kwa upole, kama wa bara wanavyomwita nyanya, "noti ni zile zile. Hata ukifumba macho hutasikia tofauti."

"Mimi si shosho wako. Na noti ni zile zile, watu si wale wale."

Damu ikanichemka, lakini sikujua nimchemkie nani. Kesho yake asubuhi, kabla hata sijafagia duka, niliitandaza ile karatasi mezani nikaikagua. Kila noti ina kafimbo kake, ambako sisi tunakaita mkia. Mimi niliweka noti mbili mbili kwenye mkia mmoja, na mikia hiyo ilielekezwa na programu yenyewe: noti zikiwa juu kwenye mistari, mkia unatazama chini, zikiwa chini, unatazama juu. Kumbe sauti mbili zikiandikwa pamoja, mkia ndio unaomwambia mwimbaji noti ni ya nani. Unaotazama juu ni wa soprano, unaotazama chini ni wa alto. Kwenye karatasi yangu hakuna aliyeweza kujua ipi ni yake, kwa hiyo kila mtu alichukua alichozoea. Na kompyuta nayo, kwa kuwa haina soprano wala alto tumboni mwake, ilicheza sawasawa ikatudanganya wote wawili.

Nikaiambia kompyuta, leo ni mimi na wewe. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza mkia, noti zote mbili zikageuka pamoja. Nikarudisha. Nikajaribu kuzitenganisha kwa kuzivuta, zikaharibika kabisa. Stima ikapotea. Iliporudi, kazi yote ya asubuhi ilikuwa imeenda nayo, nikasema maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hatakiwi kuyasema mbele ya wateja. Mama, aliyekuwa kwenye kile kiti cha wateja, akacheka mpaka akashika shingo. Kile kicheko kilinitia nguvu kuliko chai.

Baada ya hapo ndipo nilipoviona juu kwenye kioo cha kompyuta vitufe vidogo vya moja na mbili. Sauti ya kwanza, sauti ya pili! Nikafuta noti zote za mama, nikabonyeza mbili, nikaziandika upya moja moja. Za soprano zikawa bluu, mikia juu. Zake zikawa kijani, mikia chini, bila mimi kuzigusa. Nilipofika pale pa kupanda, noti ya kijani ikaipita ya bluu, ikakaa juu yake, na mkia wake bado unaning'inia chini. Programu ikazisogeza kando kidogo zisigongane. Zilionekana kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Nilizipenda mno.

Kwenye mazoezi yaliyofuata, mwalimu hakuzipenda. "Dada, hapa pamepindana. Alto hapandi juu ya soprano. Watu watasema hatujui kuandika." Akatoa kalamu.

Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi. "Usiguse, mwalimu. Soma mkia. Mkia chini ni alto, hata akiwa darini."

"Hata darini?"

"Hata darini! Tuimbe kwanza. Ikikataa, nitaigeuza mwenyewe."

Ikakataa kweli. Mara ya kwanza alto waliogopa, wakaishia kucheka. Mara ya pili walipanda, lakini soprano hawakukubali kuachia, kukawa na vita huko juu. Nilikuwa nimekunja ngumi mfukoni na wala sikumtazama mama. Nilijua akitoka nje tena leo, hospitali haendi.

"Soprano, shukeni!" Ni mwalimu mwenyewe aliyepiga kelele. "Wapisheni! Mikia hamuioni?"

Wakashuka. Alto wakapanda, sauti nzito zikivutana na kukwaruza kidogo zikielekea juu, na zile nyembamba zikalainika chini yao. Nikafumba macho makusudi. Tofauti niliisikia wazi kabisa. Mwalimu akatazama karatasi, akawatazama waimbaji, kisha akasema, "Tena." Na tena. Na tena.

Walipopumzika, mama akaja mbele polepole, leso shingoni, akachukua karatasi mkononi mwa mwanamke mmoja wa alto. Kusoma noti hajui. "Mimi niko wapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ile iliyo juu ya mwenzake. Akaweka kidole juu yake, akakishusha taratibu kufuata mkia mpaka mwisho.

"Iko juu, lakini inaonyesha tulikotoka," akasema.

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye kibeti, akafunga zipu.

"Haya. Mpigie yule daktari. Mwambie anipasue."