Mdomo wa Mdiria wa Biasha

Huku Gazi wageni wenye kamera kubwa huingia mikokoni wamesimama wima, na ndege wote huruka. Jirani yangu Biasha huingia ameinama. Ana ndoo yake na kisu, anabandua chaza kwenye mizizi kama sisi wanawake wote, na ndege hawamjali, maana mwanamke aliyeinama wamemzoea. Akimwona anayemtaka, anatoa simu kwenye fundo la leso aliyojifunga. Mbele ya jicho la simu amefunga kipande cha darubini iliyovunjika kwa mpira wa baiskeli. Picha zake, mashallah, utadhani ndege amekaa mkononi mwako.

Simu hiyo ina programu ya kutambua ndege. Unaipa picha, nayo inakuletea jina. Lakini Biasha hamwambii mtu jina mpaka aione alama yenyewe kwa macho yake, iwe rangi ya mguu au ya mkia.

"Simu inakisia tu, dada," huniambia. "Mimi ndiye nitakayeulizwa."

Mvua zilipoanza, mdiria walitaga kwenye tundu la mnazi mkavu, nyuma ya banda la mbuzi la Matano, shemeji yake Biasha. Mdiria ni yule ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu mwekundu. Mnazi ule ulikuwa umeoza, na Matano alitaka kuukata Jumamosi usije ukawaangukia mbuzi wake. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa, na makinda tulikuwa tukiyasikia yakilia mle ndani.

Biasha alimwomba asubiri. Matano akacheka.

"Shemeji, hao mdiria wamejaa hapa! Nisubiri nini?"

"Huenda ni wale wa mikoko. Hao ni adimu."

"Basi niambie ni wale adimu, nami nitauacha mpaka watoto waruke. Kama ni mdiria tu, Jumamosi shoka."

Simu ilikuwa ikileta majina yote mawili. Tofauti iko mdomoni: wa mikoko ni mwekundu juu na chini, wa kawaida ni mwekundu juu na chini mweusi. Biasha alishapiga picha tele, ila kila mara mdiria alikuwa amebeba kaa au mjusi wa kulisha watoto, na upande wa chini wa mdomo hauonekani.

Hafsa, binti yake, akachoka. "Mama, si umwambie tu ni yule adimu? Ami Matano atajuaje?"

"Yeye hatajua. Nami nitakuwa nimetoa ushahidi wa kitu nisichokiona."

"Ushahidi wa ndege, Mama!"

"Ndege ana Mola wake kama wewe. Lete ndoo."

Ijumaa maji yalipokupwa tulikwenda pamoja. Mimi nilibandua chaza, yeye chaza hakubandua hata mmoja, ameinama tu, matope mpaka magotini, kimya kama mtu aliye kwenye sala. Mdiria akaja akatua kwenye tawi juu yake, mdomo mtupu. Akauinua akalia. Biasha akapiga picha, akaikuza kwa vidole, akaitazama kwa muda.

"Chini mweusi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Hakwenda hata nyumbani kunawa. Alipita moja kwa moja kwa Matano, nami nyuma yake, akampa simu.

"Shemeji, ni mdiria tu. Tazama hapo chini ya mdomo."

Matano aliitazama ile picha, akamtazama na yeye, matope yale.

"Umekuja na miguu yako kuniambia nikate?"

"Nimekuja kukwambia kweli. Sasa nakuomba. Si kwa kuwa ni adimu. Nakuomba tu."

"Ungaliniomba hivyo mwanzo."

"Nilikuomba, ukanicheka."

Matano akajikuna kidevu. "Hata Hafsa bado hajui kwamba ni mdiria tu? Ungeweza kunificha."

"Atajua nikifika."

"Haya. Banda si jumba la mawe, nitalisogeza." Kisha akaongeza, maana utani haumtoki, "Lakini chaza za leo ni zangu."

"Ndoo yangu haina kitu, shemeji."

"Si ya huyu imejaa?" akanionyesha mimi. Nikampa, nitafanyaje?

Banda akalihamishia upande wa mwembe, shoka akalirudisha ndani. Makinda yaliendelea kulia, na Matano akaanza kulalamika kwamba mama yao anachelewa kuyaletea chakula.

Asubuhi moja alimtuma mtu mbio: Biasha aje na simu yake, makinda yanatoka tunduni. Tulifika tukamkuta Matano, mtu mzima mwenye tumbo lake, ameinama katikati ya ua ameshika ndoo tupu, akijifanya anaokota kitu mchangani.

"Inameni!" akatunong'oneza kwa ukali. "Mtawatisha."

Tukainama.