Boti Iliyolazwa Uani kwa Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja nilijibanza kwenye migomba ya baba mkwe wangu kule Matema kando ya ziwa, kanga nimejifunika mpaka puani, na boti yangu mwenyewe naiona pale mbele lakini siwezi kuisogelea. Mjukuu wangu Gwakisa, jana uliponiuliza msimu huu hiyo boti yako ukailaze wapi, hapa nyumbani, Msasani yetu ya Tukuyu, au kule ziwani, ukaniambia na kufuli kubwa umeshanunua, nilicheka tu nikakwambia kwanza tule. Sikucheka kwa dharau. Niliikumbuka ile migomba. Sasa tumeshakula, kaa nikwambie.

Boti yangu ilinijia hivi. Usichanani mwangu nilifanya kazi za ndani kwa daktari mmoja Mzungu na mkewe, nikilea watoto wao. Jumamosi walikuwa wanaipakia ile boti ndogo ya tanga kwenye tela, wanaivuta kwa Landrova mpaka ziwani, na mimi nafuata watoto. Yule mama hakupenda mtu akae bure. Akanipa kamba nishike, safari nyingine akanipa usukani, na haukupita muda nikawa naigeuza boti kwenye upepo kumshinda mumewe. Siku zao zilipokwisha wakarudi kwao, wakaniachia boti na tela lake. Watu walikuja kuishangaa uani kwetu kama wamekuja kumtazama bibi harusi. Msichana wa Kisondela, aliyekulia kwenye maparachichi, ana boti! Walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Hizo zilikuwa siku za ruksa. Kabla yake hata kipande cha sabuni ulikipata kwa kujuana, sasa maduka ya hapo mtaani Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, yamejaa, na kila mtu ametafuta kitu cha kuuza. Nami nikaona changu. Kule Ikombe, mbele ya Matema, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu ambavyo kila jiko la Rungwe linavitaka, na njia ya kufika kwao ilikuwa ni maji tu. Walivileta sokoni kwa mitumbwi, vichache vichache. Boti yangu ingebeba vingi kwa mara moja, nami nikavipandisha Tukuyu. Nikapatana na mfinyanzi mmoja, Mama Sekela, mwanamke mnene mwenye kicheko ambacho ukikisikia lazima na wewe ucheke. Kilichobaki ni hilo swali lako: boti ilale wapi msimu mzima, maana kuivuta kila wiki kwenye ile milima kungetumaliza.

Babu yako Ambokile, mume wangu, alikuwa mwalimu hapa mjini, lakini mzaliwa wa Matema. Jibu alikuwa nalo hata sijamaliza kuuliza.

"Uani kwa baba," akasema. "Pako juu, maji hayafiki. Upepo unazuiwa na nyumba. Na mzee hatoki pale kutwa nzima, nani atathubutu kuja kuiba?"

Nikamwambia, baba Tumpe, yuko yule mama muuza chai pale mitumbwi inapotua, ana uwanja mpana, tumwombe yeye. Akacheka. Boti tumpelekee muuza chai, na baba yake yupo? Nikamuuliza, sasa mimi pale nitaingiaje? Akasema, "Utaingia tu, tutapanga." Tutapanga! Wanaume na hilo neno lao, sijui nani aliwafundisha.

Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu, mnagombea rimoti. Kwetu sisi mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hatamki jina lake, akisikia kikohozi chake njiani anaingia kichakani mpaka apite. Ukutila, ndivyo tunavyoita, na usidhani ni chuki, ni heshima kubwa. Mimi nilikuwa nimeshazaa na kunyonyesha katika ukoo ule, na uso wa yule mzee siujui. Nilichokuwa nakijua ni kikohozi chake na koti lake jeusi.

Basi boti ikalazwa uani kwake, na mzee akakipenda kivuli chake. Kila nikishuka kwenye basi namkuta ameegemea pale anasuka vikapu. Nasimama kwenye migomba kama mwizi, mpaka mtu wa nyumbani anione, aende kumwambia kwa adabu kwamba jua limehamia huku, baba usogee ndani. Akisogea, naitoa boti. Siku ambayo hakuna wa kumwambia, nasimama weee, jua linageuka, napanda basi kurudi Tukuyu mikono mitupu, nakuja kuvitukana vyungu vya watu jikoni kwangu bila sababu. Nilipomlalamikia babu yako alinijibu kwamba boti si iko salama? Ilikuwa salama kweli. Ilikuwa salama hata na mimi mwenyewe.

Siku ninayokwambia, karibu kijiji kizima kilikuwa kimekwenda kwenye msiba ng'ambo ya mto. Mitumbwi imevutwa ufukweni, makasia yamefungiwa ndani, kimya. Mzee alikuwa na mguu mbaya, akabaki. Na amekaa wapi? Ameegemea boti. Nikaingia kwenye migomba yangu, nikaanza kusubiri, na hakukuwa na mtu wa kumwambia habari za jua.

Nikatupa macho ziwani, nikaona mtumbwi unakuja umejaa vyungu mpaka juu. Nikamjua Mama Sekela kwa kitambaa chekundu alichozoea kujifunga kichwani. Alikuwa amechoka kunisubiri Ikombe, akaamua kuvileta mwenyewe. Niliona aibu, nikasema moyoni leo atanisema mpaka basi.

Ndipo upepo ukashuka. Ile milima ya Livingstone imesimama juu ya maji pale pale, na upepo wake haupigi hodi. Majani ya migomba yaliyokuwa yananificha yakachanika. Ziwa likageuka jeupe. Niliuona mtumbwi umelala ubavu, vyungu vinamwagika, kisha sikuona mtu. Eee Kyala, Mungu wangu! Baada ya muda kitambaa chekundu kikaibuka, na mikono miwili imekumbatia mtumbwi uliopinduka, na upepo unamsukuma kwenda nje, kwenye maji makubwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Boti iko pale. Kuiendesha kwenye upepo ule, mtu pekee anayejua ni mimi. Na miguu yangu ilikataa kutoka kwenye migomba. Utasema bibi alikuwa mjinga. Kitu ulicholelewa nacho tangu hujaota meno hakikuachii kwa sababu umekiambia kikuachie. Nililia, nikauma kanga, nikajisemea nitoke, na nikabaki nimesimama. Kitambaa kilikuwa kinazidi kuwa kidogo.

Kikohozi kikasikika. Mzee alikuwa amesimama, amelivuta koti lake jeusi limemfunika kichwa chote, akageukia ukuta wa nyumba. Miguuni pake alikuwepo kuku mmoja wa madoadoa, amejikunyata kwa upepo. Akaanza kuongea na yule kuku, kwa sauti ya kunifikia.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie huyo aliye kwenye migomba kwamba kuna mtu anakufa. Mwambie atoke ashike tela mbele. Mimi nitasukuma nyuma, na macho yangu yatatazama chini. Mwambie nimesema mimi, na kama kuna kosa ni langu."

Nilitoka mbio, mwanangu, hata kanga iliniponyoka. Nikapiga teke mawe ya kwenye magurudumu, nikashika chuma cha mbele, nikavuta. Nyuma nikasikia mtu anahema na ule mguu wake mbovu. Boti ilikuwa katikati yetu, yeye hanioni, mimi simwoni. Tulipofika kwenye mchanga magurudumu yakazama. Nikapiga kelele, "Wewe kuku, inua kidogo!" Na tela likainuka. Ee, hata leo nikikumbuka nacheka na kulia pamoja, maana yule kuku tulikuwa tumemwacha uani zamani.

Tanga nilipandisha nusu tu, zaidi ya hapo upepo ungenipindua na mimi. Kwenda hakukuwa kazi, nilirushwa. Nikamkuta Mama Sekela midomo imebadilika rangi, mikono haifunguki. Nikamshika nguo, nikamshika nywele, nikamvuta, na uzito ule alionao, mpaka akaanguka ndani kama gunia. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Upepo unatoka nchi kavu, nakwenda upande huu, nageuza, nakwenda upande ule, na ufukwe unaonekana uko pale pale. Nilimwambia nipigie kelele, nitukane, usilale tu. Akanitukana kweli, matusi yote ya ziwa lile, kwa kumchelewesha na kwa vyungu vyake. Sijawahi kufurahia matusi kama siku ile.

Tulipogusa mchanga mzee hakuwepo. Alikuwa ameacha moto mkubwa unawaka uani na blanketi lake kando ya moto, yeye kaingia ndani kafunga mlango.

Babu yako alikuja kesho yake, habari zimemfikia kazini. Baba yake akamwita uani, mimi niko nyuma ya uzio wa mianzi. Nilidhani atanisema mimi kwa kutoka mbele yake.

"Ambokile," akasema, "boti hii kazi yake ni ya nani?"

"Ya mke wangu, baba."

"Basi ulipoileta hapa ulimfikiria mwizi, wala hukumfikiria mkeo. Mwizi mpaka leo hajaja. Mkeo amekuja kila wiki, na kila wiki umemzuia kwa kunikalisha mimi hapa kama kufuli. Na mimi hukuniuliza kama nataka kuwa kufuli. Jana mtu amebaki kidogo afe kwa ajili ya mipango yako." Akakohoa. "Itoe uani kwangu. Leo."

Siku hiyo hiyo tuliivuta mpaka kwa yule muuza chai, tukaifunga kwa kamba kwenye mti, na yeyote tuliyemwamini alijua fundo linavyofunguliwa. Ililala pale misimu mingi, na vyungu vya Mama Sekela vikapika maharage ya nusu ya mji huu.

Na mzee? Hatukuonana uso mpaka siku tulipomzika. Ila baada ya sokomoko lile alimwita mwanawe, akampa yule kuku wa madoadoa amefungwa miguu. "Mpelekee mkeo," akasema, "huyu ameshajua kutusemea." Nilimfuga mpaka akazeeka, na ole wake aliyemtajia mchuzi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitafuta mahali pa kuilaza boti, usianze na wezi. Anza na mtu ambaye mikono yake ndiyo inaifanyia kazi, hasa siku mambo yameharibika na wewe hupo. Muulize yeye, na akikuambia pale siwezi kufika, usimjibu tutapanga. Neema mkeo ndiye anayeitumia boti hiyo kuwatoa majini wageni waliozidiwa, wewe umeshinda dukani hapa mjini. Hilo kufuli ulilonunua, ufunguo uko wapi? Nauona, unaning'inia kwenye mkanda wako.

Haya, sogea nikushike kichwa. Kyala awe nanyi majini na nchi kavu, upepo uwakute mmejiandaa, na watakaowaita wakiwa kwenye shida wawapate. Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Sasa fungua huo mkanda, ukampe Neema ufunguo wake.