Vitufe Sita vya Mzee Gwakisa

Miezi miwili mizima Lusekelo aliamka alfajiri kutengeneza kibodi, kabla ya kwenda kufungua banda lake la ufundi simu pale Iyunga. Kibodi ya kwenye kioo cha simu, na ya mtu mmoja tu: baba yake, Mzee Gwakisa, ambaye kiharusi kilimnyima kauli kikamwachia mkono wa kushoto. Kibodi za kawaida zilimshinda mzee. Kidole kilichokomaa kwa jembe kiligusa herufi tatu kwa mpigo.

Basi Lusekelo akaweka vitufe sita vikubwa, kila kimoja na neno lake zima: Maji. Uji. Dawa. Baridi. Maumivu. Choo. Mzee akigusa, neno linakwenda lenyewe kwenye simu ya Severina, mke wa Lusekelo, anayeshinda nyumbani. Ilikuwa lazima ifanye kazi. Dada yake, Anjela, aliyekuwa akimuuguza mzee, alikwisha kurudi kwa mumewe, na banda likifungwa, hapo nyumbani hakuliki.

Siku ya kwanza mzee aliomba maji, akaomba na uji. Severina aliviweka kwenye kigoda nyuma ya pazia, akabisha, akaondoka, maana mkamwana wa Kinyakyusa hatazamani na baba mkwe. Habari za choo angemwita jirani, Tadeo, asiye na simu. Mpango ulikuwa mzuri.

Jioni Lusekelo akakuta godoro limelowa. Kesho yake limelowa, keshokutwa vilevile. Akadhani kitufe ni kibovu, akakijaribu mara ishirini, kizima.

"Baba, mbona hukigusi?"

Mzee akaonyesha jikoni kwa kidole, kisha akafunika uso kwa kiganja.

Ama kweli! Fundi mzima, Mnyakyusa wa kuzaliwa, alitaka baba yake amtumie mkamwana habari za haja yake. Lusekelo aliona aibu. Asubuhi, hata chai hajanywa, akakielekeza kitufe kile kwenye simu yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipojitafutia kazi. "Choo" ikiingia, anaiacha simu ya mteja mezani imefunguliwa, anapanda kilima mbio hadi nyumbani. Wateja wakanuna, wengine wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mara mbili kwa siku, kisha nne, kisha sita. Magoti yakamuuma, na usingizi akaupatia popote alipoketi.

Ijumaa moja, saa tisa mchana, alifika anahema, akainua shuka. Pakavu. Akamkalisha mzee kwenye ndoo, hakuna kitu. Akarudi kazini, na kabla hajashika bisibisi akaitwa tena. Pakavu.

"Baba, unanichosha," alisema, na machozi yalikuwa karibu. "Nimechoka, baba. Unataka nini?"

Mzee alivitazama vitufe vyote sita, kimoja baada ya kingine, asiguse hata kimoja. Kisha akaiweka simu kando, akapigapiga godoro pembeni yake, mahali pa mtu kukaa.

Katika vyote sita, kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimletea mwanawe.

Lusekelo akakaa. Banda halikufunguliwa tena siku ile.