Kamba ya Kupimia Ndege

Mwalimu Kalondu alisomea Kiswahili na Historia, kisha akapewa kufundisha Hesabu. Usiniulize nani alipanga hivyo. Shule ndogo karibu na Ekalakala haina walimu wa kuchagua, na mwanagenzi kama yeye hubeba kinachobaki. Kwa miaka miwili alikisoma kitabu cha Gredi ya Nane ukurasa mmoja tu mbele ya wanafunzi wake, akiomba wasikimbie wakampita.

Alhamisi ile ya Oktoba hofu ilimwamsha kabla ya jogoo. Bwana Gatimu, afisa wa ubora wa elimu, alikuwa anakuja kumkagua. Mkataba wa uanagenzi ulikuwa unaisha Desemba, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi: ripoti ikiwa nzuri, jina lake litapendekezwa kwa kazi ya kudumu. Ikiwa mbaya, ajipange. Kujipanga ni neno baya sana likitoka kwa mkubwa wako.

Somo lenyewe alikuwa ameliandaa vizuri. Kila kundi lingekunja ndege kwa karatasi za mitihani ya zamani, wengine mabawa mapana, wengine membamba. Wangeirusha mara tatu uwanjani, wapime umbali, watafute wastani. Kasoro ilikuwa moja: tepu ya kupimia ya shule ilikuwa na fundi wa madawati, na fundi alikuwa hashiki simu. Kalondu akiwa anazunguka uani kwao, akaiona kamba ya mama yake imetundikwa kwenye ukuta wa ghala, mafundo yake yamepangwa sawasawa. Tangu utotoni aliyajua mafundo yale. Tangu utotoni alijiambia kutoka moja hadi jingine ni mita, wala hakuna siku aliyohitaji kujua zaidi.

"Mwaitu, naomba hii kamba. Nitaleta jioni."

"Isipotee tu," mama akasema. "Kesho tunapanda, mvua iko karibu."

Saa nne Bwana Gatimu alikaa kwenye kiti chini ya paa la veranda, fomu gotini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kimya chake kilimtisha Kalondu kuliko karipio. Ndege zikaruka. Nyingine zilipinduka na kujichimbia mchangani, watoto wakacheka, lakini ya kundi la Mutindi, yenye mabawa membamba, iliteleza hewani mpaka watoto wakanyamaza. Kamba ikavutwa, mafundo yakahesabiwa. Kumi na mawili, kumi na manne, kumi na sita.

Darasani Kalondu akaandika ubaoni: mita 12, mita 14, mita 16, wastani mita 14. Kalamu ya Bwana Gatimu ilinakili kila tarakimu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega ya Kalondu yalishuka kidogo.

Ndipo Mutindi akainua mkono.

Kalondu akajifanya hakuuona. Mtoto huyo alikuwa na rula ya sentimita thelathini mkononi na ncha ya kamba mapajani, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka jikoni. Mkono haukushuka.

"Madam, niko na neno. Hii kamba ni ya kupandia mahindi. Ni kama ile ya kwetu, mimi ndiye hushika mwisho. Fundo si mita. Nimeipima, ni rula mbili na nusu."

Rula mbili na nusu ni sentimita sabini na tano, hilo hata Kalondu aliliweza. Kila namba ubaoni ilikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa tayari umeandikwa kwenye fomu. Neno "kaa chini" lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa neno aliloambiwa yeye mwenyewe na mwalimu wa Hesabu akiwa Kidato cha Pili, na tangu siku hiyo hakuuliza swali la hesabu tena.

Akalimeza, na lilikuwa chungu.

"Rudia, Mutindi, wasikie walio nyuma. Mimi ndiye nimekosea. Sikuipima hii kamba."

Akafuta ubao. Wakaanza upya, kila fundo mara sifuri nukta saba tano: mita tisa, mita kumi na nusu, mita kumi na mbili. Kijana mmoja akagundua kwamba ungeuzidisha wastani peke yake ukapata jibu lile lile, mita kumi na nusu, na darasa likabishana hadi kengele. Kalondu hakuufurahia ubishi huo hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa Bwana Gatimu, aliyekuwa anakata mistari kwenye fomu, mmoja baada ya mwingine, akikandamiza kalamu.

Ofisini alisukumiwa karatasi atie sahihi. Ilimchukua muda kusoma. Palipoandikwa "Vipimo ni sahihi" palikuwa pamekatwa. Chini yake: "Vilikuwa na kosa. Mimi sikuliona, mwanafunzi aliliona, na mwalimu alimsikiliza. Napendekeza aajiriwe."

"Nunua tepu, mwalimu," Bwana Gatimu akasema, akachukua kofia yake.

Jioni mama yake alimkuta ameketi mlangoni, kamba imenyooshwa chini, rula mkononi.

"Mwaitu, mbona hukuniambia fundo si mita?"

"Wewe uliomba kamba. Kuuliza hukuuliza." Mama akatazama mawingu. "Sasa unapima nini tena?"

"Yote," Kalondu akasema, akasogeza rula hadi fundo la pili.