Kanisa Nililolivulia Viatu

Siku niliyoanza uashi sikupewa mwiko wala ndoo. Nilisimamishwa mbele ya ukuta wa nyumba kongwe hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, nikaambiwa niubishie hodi. Fundi Mkuu, ambaye alikuwa mjomba wangu ingawa kazini hakutaka kuitwa hivyo, alikunja kidole, akagonga lipu, akatega sikio.

"Huu umeshiba," alisema. Akasogea pembeni, akagonga tena. "Huu una njaa. Umesikia?"

Sikusikia kitu. Nikasema nimesikia.

"Muongo. Rudi mwanzo."

Lipu ni ile chokaa iliyopakwa juu ya jiwe. Ikishikana na ukuta hutoa sauti nzito, na hapo ndipo tunasema ukuta umeshiba. Ikiachana nao hulia kama debe tupu. Sheria ya Fundi Mkuu ilikuwa moja tu: asiyebisha hodi asibomoe.

Ninyi mnaojenga kwa bloku na simenti, kama zile nyumba za waliohamishwa kule Quitunda zilizopangwa mistari kama wanafunzi, chokaa mnaijua ya kwenye mfuko. Yetu ilitoka baharini. Tulipanga magogo mduara, tukaweka mawe ya matumbawe juu yake, tukatia moto. Mawe yakiiva tuliyamwagia maji, yakapasuka yakawa unga, kisha tukaulaza unga shimoni mpaka masika ipite. Na penye tanuri haikuruhusiwa kugombana. Siku moja mke wa Fundi Mkuu alikuja kumuuliza habari ya nguo ya Idi.

"Ngoja mawe yaive, tutagombana nyumbani."

"Nyumbani unajifanya kiziwi. Mie nagombana hapa hapa!"

Mawe ya siku ile yalitoka mabichi. Mjomba alimlaumu mkewe mpaka anaingia kaburini. Mimi nadhani kuni zilikuwa mbichi, lakini nani angemwambia?

Baada yake nilifanya kazi chini ya mestri mmoja, fundi wa kisiwa cha Ibo, mtu wa kutukana asubuhi na kuomba radhi jioni. Huko Ibo akaja Bi Mhandisi, Mfaransa, kupima majumba ya zamani. Alinipa usimamizi wa chokaa. Kireno chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, kwa hiyo tulielewana.

Vita vilipokuja tulikimbilia Pemba, mji wa huku kwetu Msumbiji, si kile kisiwa. Waliotangulia kurudi Mocímboa walinipa habari za msikiti wa mtaani kwetu. Paa lilikuwa limeungua, na upande mmoja wa mihrabu, pale anaposimama imamu, ulikuwa umeanguka. Mihrabu ile ilichongwa na Fundi Mkuu, maua ya chokaa juu mpaka chini, na ndiyo kazi yake pekee iliyobaki duniani. Kamati ilikuwa inataka kuuvunja ukuta wote wa kibla na kujenga upya kwa bloku. Niliwatumia ujumbe wanisubiri. Nilikuwa nimeshapanga kichwani maua nitakayochonga kuziba pale palipoanguka.

Kabla sijaondoka Pemba, Bi Mhandisi akanialika kwao Ufaransa, kwenye mkutano wa mafundi wa chokaa. Binti yangu alisema, "Baba nenda. Huku unatukaripia tu."

Walitupeleka kwenye kanisa dogo ambalo hata Wafaransa wenyewe hawalijui, katika kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Nilipewa mkalimani, Saidi, Mngazija anayeishi huko. Lugha yake na yetu ni ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Mlangoni nikavua viatu.

"Mzee, vaa. Hapa watu wanaingia na matope yao."

"Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada."

Nikaingia peku. Mawe ya chini yalikuwa baridi kama samaki wa barafu. Kuta zilikuwa nene, madirisha membamba, na juu ya nguzo wamechonga wanyama wanaojitafuna mikia. Mwisho wa kanisa ukuta ulijipinda nusu duara, mfano wa mihrabu yetu, ila wao wameujaza picha za watu wenye vidole virefu. Picha zile zilifunikwa chokaa zamani, na chokaa ndiyo iliyozitunza.

Bi Mhandisi akakunja kidole, akagonga, akatega sikio. Nilicheka peke yangu.

Lakini mtu mmoja pale ukutani hakuwa na mkono. Mahali pake pamepakwa chokaa tupu.

"Saidi, muulize Bi Mhandisi, Kireno chetu hakifiki hapa: mkono wa huyu uko wapi?"

"Anasema ulianguka zamani."

"Sasa si auchore? Si fundi?"

Wakasemezana. "Anasema hajui ulikuwaje. Akiuchora atamsingizia yule fundi wa kwanza."

Nikaikumbuka mihrabu yetu. Fundi Mkuu hakuchonga pande mbili zikafanana hata siku moja, na yale maua yangu ya kichwani yalikuwa yangu, hayakuwa yake.

Niliporudi Mocímboa nilikutana na kamati msikitini. Mwenyekiti wake ni mfanyabiashara mwenye asili ya Mtwara, mtu wa haraka.

"Mzee Fundi, bloku zimeshafika. Tunaanza kubomoa."

"Mmebisha hodi?"

Nikagonga kuanzia chini. Wakaja mmoja mmoja kuweka sikio, hata mwenyekiti na kofia yake mkononi. Ukuta ulikuwa umeshiba, isipokuwa pembe moja iliyoungua, pale mihrabu ilipoanguka.

"Basi tuvunje pembe," alisema mwenyekiti. "Na maua utachonga?"

"Sitachonga. Siyajui yalivyokuwa. Patapakwa chokaa tupu."

"Watu watauliza!"

"Waulize. Wataambiwa hapa palianguka."

Alinung'unika kwamba safari ya Ulaya imenifundisha uvivu. Bloku zikajenga vyoo vya msikiti, na vyoo navyo vilihitajika.

Ile pembe ndiyo kazi yangu ya mwisho. Sasa macho yana ukungu na mikono inatetemeka, na sioni ajabu, mwili nao ni jengo. Ijumaa watu wakishatawanyika nakwenda mbele, naigonga ile chokaa tupu. Masikio yangu hayaaminiki tena, kwa hiyo namwomba mwadhini anisikilizie.

"Umeshiba, mzee," husema upesi, ana haraka ya chakula.

Huwa namwambia arudi mwanzo.